Mtani wa Jumatano

Bi Mwanahawa alikuwa na presha, na alijivunia presha yake. Si kwamba aliupenda ugonjwa. Hakuna mwenye akili timamu anayefurahia kumeza kidonge kila asubuhi mpaka siku anazikwa. Alijivunia kwa sababu bila presha asingekanyaga kituo cha afya, na kama asingekanyaga kituo cha afya, watu wa barabara ya Matombo wasingejua kwamba ulimi wake ni tiba. Yeye mwenyewe alijua siku nyingi. Ila kujua peke yako hakuna raha.

Ilianza hivi. Miaka miwili nyuma, Jumatano moja, alikuwa kwenye benchi la kituo akisubiri kupimwa. Jumatano ni siku ya wagonjwa wa sukari na presha, na pia ya wale ambao Nesi Agnes huwaita "watu wangu", yaani wenye sonona na wenye kusikia sauti. Pembeni yake alikaa Salehe, fundi baiskeli wa Mkuyuni, mtu ambaye kwa miezi saba hakuwa amefungua kibanda chake wala kinywa chake. Mwanahawa alimtazama, akamuuliza mkewe, "Huyu mama yake wa ukoo gani?"

"Mkinoge," mke akajibu.

Basi! Wakinoge ni watani wa Wamtoli, na Mwanahawa ni Mmtoli wa kuzaliwa, wa mama na bibi na mama wa bibi. Hapo hapo akaanza kumshushia. Akamwambia kwamba Wakinoge ndivyo walivyo, wavivu hata wa kuongea. Kwamba siku Mungu anagawa akili babu yao alikuwa amelala, akaamka akakuta yamebaki masikio. Na kwamba kama yeye Salehe kaamua kufa afe upesi, aache kuwajazia watu benchi. Mabega ya Salehe yakaanza kutikisika, mkewe akadhani ni kifafa, akamshika kichwa. Kumbe mtu anacheka.

Nesi Agnes alikuwa amesimama mlangoni na mafaili yake. Ni binti wa Kipare, mwembamba, amesomea uuguzi wa afya ya akili, na ana tabia ya kuuliza jambo mpaka mwisho wake.

"Mama, umemfanya nini?"

"Nimemtukana."

"Jumatano ijayo utakuja?"

"Kumtukana?"

"Ndiyo. Nakuomba."

Mwingine angecheka na kusahau. Agnes hakusahau. Alimweleza Mwanahawa, wakiwa wamekaa wawili kwenye chumba cha sindano, kwamba Salehe alikuwa amepewa dawa nzuri tangu mwezi wa pili, na kila wiki mkewe anazikuta chini ya godoro. "Vidonge vinafanya kazi yake, mama. Lakini mtu asiyeitaka kesho hamezi vidonge. Wewe leo umemfanya aitake kesho, hata kama ni kwa ajili ya kuja kukujibu." Na ni kweli, Jumatano iliyofuata Salehe alikuja amenyoa ndevu, ana tusi lake mkononi kama mtu aliyeleta zawadi, na kibanda kikafunguliwa kabla ya mwezi kwisha.

Ndivyo utani ulivyoingia kwenye kliniki ya Jumatano. Kama kuna mtu hajui, mtani kwa Waluguru si mtu wa kuchekesha tu. Ana kazi. Ukifiwa, watu wengine wote wanakuja kukuonea huruma; mtani anakuja kukunyima huruma. Analala kitandani kwa marehemu, anaiga sauti yake, anadai chakula wakati watu wanalia, anakuambia maneno ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Wewe hutakiwi kukasirika. Unatakiwa ujibu. Ukishajibu, umerudi duniani kwa walio hai, na mtani anafunga kanga yake na kwenda zake.

Mwanahawa aliweka sheria moja tu, na aliisimamia kuliko mganga mkuu anavyosimamia zake. Kabla hajamtania mgonjwa alimuuliza, "Umemeza?" Asiyemeza hakutaniwa. Wazee wenye sukari walikuwa wanachoma sindano zao mbio mbio asubuhi ya Jumatano wasije wakanyimwa matusi. Kwa koo ambazo si watani zake alitafuta watani wa koo hizo: fulani wa Kinole, fulani wa Mlali, wote wakaitwa mmoja mmoja. Agnes akaongeza mstari mmoja kwenye kadi za kliniki, chini ya umri na uzito: Ukoo. Ili kila mgonjwa apate mtani wake halali, bila kubahatisha.

Na mstari huo ndio uliomponza Mwanahawa.

Mwalimu Sufiani Mkinoge aliletwa na mpwa wake, Furaha, mwishoni mwa masika. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Sukari alikuwa nayo muda mrefu na aliitunza kama daftari la mahudhurio, mpaka mkewe, Aisha, alipofariki. Baada ya arobaini aliacha kufundisha, akaacha kula kwa saa, akaacha kuangalia miguu yake. Sasa alikuwa na kidonda kwenye unyayo wa kulia ambacho Agnes alikifungua, akakitazama, akakifunga tena. Alimwita Mwanahawa pembeni.

"Daktari wa mjini amesema tuna wiki tatu. Sukari ikishuka na kidonda kikisafishwa, mguu utapona. Isiposhuka, wanakata chini ya goti. Insulini anayo, tumempa. Hataki kuchomwa. Anasema aachwe."

"Wa ukoo gani?"

Agnes akasoma kwenye kadi. "Mkinoge."

Siku hiyo walikuwepo wageni wawili kutoka chuo, wamekuja kuona hii kliniki inayosemwa. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, kalamu mkononi. Sitaki kumficha Mwanahawa: alikuwa amevaa kanga mpya kwa ajili yao. Katika maisha yake yote, kila msiba, kila benchi, hakuwahi kumtania mtu kabla ya kuuliza swali lile la kwanza, mama yako ni nani. Siku hiyo hakuuliza. Kadi ilikuwa imeandikwa, wageni walikuwa wanasubiri, na yeye alikuwa na utani mzuri ambao ulikuwa unamuwasha ulimi. Hata lile la "umemeza" alilipita, maana jibu alilijua.

Akasimama mbele ya Mwalimu Sufiani, mikono kiunoni.

"Lo, Mkinoge! Nimeambiwa mkeo kakukimbia. Simlaumu. Ningekuwa mimi nimelala na Mkinoge miaka thelathini, na mimi ningeona heri nikalale na mchwa!"

Hakuna aliyecheka. Furaha aliweka mkono mdomoni. Mwalimu Sufiani, ambaye alikuwa ameingizwa pale kwa kushikwa kwapani huku na huku, alisimama mwenyewe.

"Mimi si Mkinoge," akasema. Sauti yake ilikuwa ya darasani, haina hasira. "Mkinoge ni baba yangu. Mama yangu alikuwa Mmsumi. Wewe kwangu si mtani. Wewe ni mwanamke tu, umemtukana mke wangu."

Akatoka nje akichechemea, fimbo ikigonga sakafu. Mfuko wa dawa ulibaki kwenye benchi.

Huko milimani kwa Waluguru mtoto ni wa mama. Kutoka kwa baba anachukua jina la kutembelea, akaandikwe nalo shuleni na kwenye kitambulisho. Ukoo, shamba na mahali pa kuzikwa ni vya kwa mama. Hilo kila mtoto wa Kiluguru analijua kabla hajajua kuosha uso. Agnes hakulijua. Kwao Upareni jina la mwisho ni ukoo, hakuna cha kuuliza, na kwa hiyo alipokuwa anajaza kadi aliangalia kitambulisho, akanakili.

Alilia, maskini. "Ni kosa langu, mama. Nimeandika mimi."

"Acha," Mwanahawa akamwambia. "Usinigawie. Wewe umezaliwa Same, utajuaje? Mimi nimezaliwa hapa, nimeacha kumuuliza mtu mama yake kwa sababu ya karatasi na wageni. Kosa ni langu lote." Hata kosa, mnaona, hakutaka kugawana na mtu. Lakini alipofika nyumbani alikaa kwenye kinu kilicholala na hakuwasha moto, na kanga mpya aliikunja akaitupa chini ya kitanda.

Ijumaa Furaha alikuja kituoni peke yake. Mjomba hajagusa insulini tangu siku ile, akasema. Ipo kwenye mtungi wa mchanga wenye maji anakoihifadhia isiharibike kwa joto, haijapungua. Anakunywa maji usiku na mchana. Amelala anatazama ukuta. Mwanahawa alifuatana naye mpaka nyumbani kwa mwalimu, akapiga magoti mlangoni pa chumba, akaomba radhi kwa maneno mafupi kadiri alivyoweza, na kwake yeye maneno mafupi ni kazi. Mwalimu hakugeuka.

Nje, Furaha alisema kwa sauti ya chini, "Bibi, yeye hajakukasirikia. Hata kukasirika amechoka. Siku ile tu alipokujibu ndipo nilipomwona yu hai."

"Wamsumi wanataniana na nani? Na Wanyandwa, sivyo?"

"Na Wanyandwa. Lakini huku chini hawapo. Waliobaki wako Lundumo, na mwenye ulimi kati yao ni mmoja tu."

Mwanahawa alimjua huyo mmoja. Alitamani asingemjua.

Chausiku wa Lundumo na Mwanahawa hawakuwa wamesalimiana sawasawa kwa miaka kumi na moja. Kulikuwa na msiba mmoja Mkuyuni, mkubwa, watu mpaka barabarani, na watani wa koo zote walikuwepo. Mwanahawa alifanya mambo yake, watu wakacheka. Kisha Chausiku, bila kusema neno, alijiviringisha kwenye mkeka, akajilaza kaburini kabla ya marehemu, akaanza kukoroma. Wachimba kaburi walianguka kwa kucheka. Sheikh aligeuka akatazama mlima. Mwanahawa alisema mbele za watu kwamba huo si utani, ni uchekeshaji wa jikoni, na Chausiku akasema mtoto aliyembeba mgongoni hawezi kumfundisha kazi. Hapo ndipo pabaya. Mwanahawa alidai wao ni marika, hakubebwa na mtu. Na ili ieleweke, tangu siku hiyo kila wakikutana gulioni alimwambia "Habari za siku?" badala ya shikamoo. Mara kumi, mara ishirini, mbele ya wauza ndizi. Wote wawili walijua ni tusi, na hilo halikuwa la utani.

Jumamosi asubuhi alimeza kidonge chake mbele ya Agnes.

"Mama, mlima huo kwa presha yako! Hatuwezi kumpigia?"

"Huko hakuna mtandao. Na ungekuwepo, mtu kama yule haitwi kwa simu. Mwalimu ana siku ngapi?"

"Sukari yake ikiendelea hivi, hatutafika hata huko kwenye mguu. Anaweza kuzimia wiki hii asiamke."

Bodaboda ilimfikisha barabara inapoishia. Kutoka hapo ni njia ya miguu, katikati ya migomba na midalasini, mawe yamelowa, mteremko mkali kiasi kwamba mwenye shamba la juu anaweza kumsalimia wa chini kupitia kwenye paa lake. Alipumzika mara nyingi. Moyo ulikuwa unamgonga masikioni. Njiani alitengeneza hotuba tatu, moja yenye heshima, moja yenye heshima na kiburi kidogo, na moja ya kiburi kitupu, na alipofika Lundumo saa saba mchana alikuwa amezisahau zote kwa kuhema.

Chausiku alikuwa uani anamenya magome ya mdalasini, mwanamke mkubwa wa mwili, miguu ameinyoosha. Hakuinua uso.

"Umepanda mwenyewe? Na presha yako?"

"Na presha yangu."

"Mm." Kisu kiliendelea. "Sijasikia salamu."

Mwanahawa alishika nguzo ya jiko. Pale uani walikuwepo wakwe wawili wa Chausiku na wajukuu wasiohesabika, na wote walijua habari ile ya gulioni, maana huko juu hakuna habari ndogo. Alimfikiria mwalimu anayetazama ukuta. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada Chausiku."

"Upepo umepita. Sema tena."

"Shikamoo, dada."

"Marahabaaa," akaivuta Chausiku mpaka kuku wakageuka. Akaweka kisu chini. "Mpeni mdogo wangu maji ya kunywa. Haya, nani kafa?"

Mwanahawa alimweleza yote, kadi, wageni, kanga mpya, sheria ya kumeza aliyoiruka, hakuacha kitu. Alipofika kwenye utani wenyewe alitaka kuuruka.

"Ulimwambiaje? Sema kama ulivyosema."

Akasema. Heri nikalale na mchwa. Chausiku alibana midomo, mashavu yakavimba, halafu akapasuka kicheko kilichomlaza chali kwenye magome ya mdalasini. Alicheka akafuta machozi kwa kiganja.

"Utani mzuri," akasema alipopata pumzi. "Mzuri sana. Umekosea mtu tu."

Nakuambieni, katika miaka kumi na moja Mwanahawa alisifiwa na wengi, na sifa zote hizo alizipokea kama haki yake. Hii ilimfanya ageuke atazame migomba, asionekane macho.

Jumapili asubuhi walishuka. Chausiku alianza kulia kabla hajafika kwa mwalimu. Alilia kutoka kwenye kichochoro, kanga kiunoni, mikono kichwani, "Uwii, Mmsumi wangu! Uwii, ameondoka na deni la ugali wangu!" Majirani wakatoka mbio, wengine wameshika miiko. Furaha alisimama mlangoni, amepauka kabisa.

"Maiti iko wapi?" Chausiku akamuuliza kavu kavu, kilio kimekatika. "Nimetoka Lundumo. Nataka kuiona maiti, kisha nataka kula."

Akaingia. Mwanahawa alibaki nje, chini ya dirisha la chumba, kwa sababu humo ndani hakuwa na haki ya kusema hata neno moja. Aliposikia kitanda kinalia aliinuka kuchungulia. Chausiku alikuwa amejitupa kitandani pembeni ya mwalimu, mwili mzima, mwalimu amebanwa ukutani.

"Sogea huko, marehemu. Kumbe ni mfupi! Vizuri, wachimbaji hawatachoka." Alinyanyua fimbo ya mwalimu, akampima nayo toka kichwa mpaka miguu, akafika kwenye bandeji. "Na hiki nini? Nimesikia unatangulizwa kwa vipande. Mguu wiki hii, mwenyewe wiki ijayo. Sikiliza, Mmsumi, sisi Wanyandwa hatushuki mlima mara mbili kwa maiti mmoja. Amua! Kufa wote leo, au amka utupikie."

Mwanahawa pale nje alikuwa na jibu, na utani mwingine wa kufuatia, mzuri kuliko huo, umemjaa mdomoni. Akaingiza pindo la kanga mdomoni, akaling'ata. Hajawahi kufanya kazi ngumu hivyo maishani mwake, kupanda mlima ilikuwa mchezo.

"Na viatu navichukua," Chausiku akaendelea. "Cha kushoto nitampa mjukuu. Cha kulia sijui, nitapandia mchicha."

Sauti ikatoka ukutani, ya kukwaruza, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Huyo mjukuu... ndiye mtoto wa Salum?"

"Ndiye. Wa Salum wangu."

"Salum nilimfundisha. La tatu alisoma miaka miwili, na bado aliandika jina lake kinyumenyume." Mwalimu akajigeuza taratibu mpaka wakatazamana, pua kwa pua. "Nyie Wanyandwa hamjui kuhesabu mpaka mbili. Mmejuaje kwamba mngeshuka mara mbili?"

Majirani waliokuwa dirishani waliangua kicheko, na Furaha akacheka huku analia. Chausiku aliruka akaketi.

"Maiti inajibu! Jamani, maiti inajibu, na ina jeuri!" Kisha akanyoosha kidole, na Mwanahawa akasikia kitu ambacho hakukitegemea. "Lakini mimi nina sheria ya kwetu kliniki. Umechoma?"

"Nini?"

"Sindano. Asiyechoma simtanii. Nina utani mwingine hapa kuhusu marehemu mama yako na mbuzi, na ni mtamu, ila hupati mpaka uchome."

Mwalimu Sufiani alijiinua kwa kiwiko. "Utani gani huo wa mama na mbuzi? Ni uongo."

"Choma kwanza, ndiyo ujue kama ni uongo."

"Furaha," akasema mwalimu. "Lete mtungi."

Alipimwa, akachomwa na Furaha. Chausiku akaangusha utani wake wa mbuzi, ambao siwezi kuurudia hapa kwa sababu mimi si mtani wao. Mwalimu alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikageuka kuwa kilio, kile kilio chenyewe ambacho hakukilia siku ya mazishi, na akaliita jina la Aisha kwa mara ya kwanza tangu arobaini. Chausiku hapo hakutania. Alikaa pale kitandani amemshika kisigino cha mguu mzima, mpaka kilio kikaisha. Kisha akasema ana njaa kweli.

Agnes alifika kabla ya alasiri na dawa za kidonda na vile vidonge vya sonona ambavyo mwalimu alikuwa amevikataa. Mwalimu alivipokea. Jumatatu alichoma mwenyewe. Jumatano aliingia kituoni kwa fimbo yake, na Chausiku, aliyekataa kupanda mlima kabla ya kumaliza kazi, alikuwa benchini akimsubiri.

Haikuwa miujiza, na Agnes hapendi watu waseme hivyo. Kulikuwa na kusafisha kidonda siku moja baada ya nyingine, nyama iliyokufa ikitolewa. Kulikuwa na asubuhi ambazo mwalimu aliurudia ukuta wake, na Furaha akapiga simu kituoni. Wiki ya tatu daktari wa mjini aliushika mguu, akaugeuza huku na huku, akaandika kwamba hautakatwa.

Mwalimu aliporudi na barua hiyo alimkuta Mwanahawa nje ya kituo. Hakuwa amezungumza naye tangu siku ile.

"Mwalimu," akaanza yeye, "yale niliyosema kuhusu mkeo..."

"Baba yangu alikuwa Mkinoge kweli," mwalimu akamkatiza. "Angekuwa amekaa yeye pale, angecheka mpaka aanguke. Aisha naye angecheka, nisikufiche." Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, ile ya kusahihishia madaftari. "Nipe hizo kadi."

Akakaa kwenye benchi, kadi zote mia na kitu magotini, na kwenye kila moja, mbele ya neno Ukoo, akaongeza maneno mawili: wa mama. Agnes alikuwa amesimama nyuma yake anajifunza.

Siku hiyo hiyo kituo kilikuwa kinaandikwa ubao mpya, na mwenye hati nzuri kuliko wote alikuwa ni mwalimu. Akapanda kwenye kiti kwa uangalifu, mguu wa kushoto kwanza. Akaandika huduma za Jumatano: sukari, presha, afya ya akili. Akaacha mstari mmoja, akaandika: watani. Akashusha brashi.

"Majina," akasema. "Nani anatangulia?"

Chausiku alitazama juu, kwenye mabati, kama mtu asiyehusika. Wote benchini walimgeukia Mwanahawa, mwenye kliniki ya utani, aliyeianzisha kwa ulimi wake mwenyewe, na kila mmoja alijua anavyopenda kutangulia.

"Andika Chausiku," akasema. "Ndiye mkubwa wangu. Alinibeba mgongoni."

Mwalimu akaandika. Chausiku hakushusha macho kutoka kwenye mabati, ila kidevu kilimcheza.

"Na mimi weka chini yake," Mwanahawa akaongeza, akiiweka kanga yake mpya sawa mabegani. "Lakini herufi kubwa, mwalimu. Zisomeke kutoka barabarani."